Nilichokiona Mlimani Rusumo

Hotuba hii ilisomwa na mratibu wa mafunzo ya vijana mbele ya wanachama wa matawi ya mjini Arusha na ya kando ya Mlima Meru. Tunaichapa kama alivyoisoma.



Katibu aliponitaka niseme habari za safari yangu ya Ngara alinionya nisipite nusu saa, kwani, alisema, mwalimu akishika chaki hajui pa kuiweka. Nitajitahidi.

Kwanza niwaeleze kwa nini nilikwenda. Mji wetu huu una sifa ya karatasi. Mgeni akifika huonyeshwa lile jumba la Kituo cha Mikutano, lenye mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, akaambiwa: Arusha hii ndiyo ulipotiwa sahihi mkataba fulani, na hapa ndipo ilipokaa mahakama fulani. Rais Clinton wa Marekani alipokuja mwaka 2000 wakati wa mkataba wa Burundi, aliufananisha mji wetu na Geneva ya Ulaya, na tangu siku hiyo hatujaacha kujisifia neno hilo. Hata wenye hoteli wanalitumia.

Mimi nilifundishwa ualimu. Mwalimu akiona daftari la mtoto halina kazi, humfuata mtoto huyo mpaka nyumbani kwao akaone kuna nini. Basi nami nilitaka kuifuata karatasi moja iliyotoka Arusha, nione ilifika wapi na iliwakuta watu gani. Karatasi hiyo ni Mkataba wa Amani wa Rwanda, uliotiwa sahihi katika mji huu tarehe 4 Agosti 1993. Na mahali nilipoifuata ni Rusumo, penye daraja la mpakani.

Safari ni ndefu. Unatoka hapa alfajiri, unapita Babati, Singida na Nzega, na ukifika Kahama mgongo umekwisha kukusema. Kesho yake ni Nyakanazi, Lusahunga, kisha njia panda ya Benako. Kutoka Benako barabara inakwenda juu ya vilima, halafu ghafula inaanza kuteremka, na malori yanateremka pole pole kama wazee wanaoshuka ngazi. Chini kabisa kuna mto Kagera, na juu yake daraja.

Sauti ya maji utaisikia kabla hujayaona. Maporomoko yenyewe si marefu, ni kiasi cha mita 15 tu, lakini maji ni mengi na rangi yake ni ya udongo, kwa kuwa mto Ruvubu kutoka Burundi umekwisha kuingia humo muda si mrefu. Askari wapo pande zote mbili. Mmoja wa upande wetu aliniuliza nakwenda wapi. Nikamjibu kwamba sivuki, nimekuja kuutazama mlima. Akanitazama kwa muda, akasema, “Haya, mwalimu, mlima hautozwi ushuru.” Sikumwambia kama mimi ni mwalimu, nadhani alinijua kwa viatu.

Nilipanda mlimani pamoja na mzee mmoja, Mhangaza wa hapo hapo. Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Nkoaranga, nimekua kwenye miteremko, lakini mteremko ule ulinifanya nishike ardhi kwa mikono. Mzee alikuwa mbele yangu na fimbo yake, akinisubiri kila baada ya hatua ishirini, akisema, “Pole, mwanangu, pumzika.” Kuna migomba, kuna mihogo, na palipo na mwamba hapana kitu. Tulipofika juu tuligeuka, tukaiona Rwanda yote ya upande ule imelala mbele yetu, kilima nyuma ya kilima, na kila kilima kimelimwa.

Nchi ile ni ndogo. Ina kilometa za mraba 26,338. Mkoa wetu wa Arusha peke yake unaizidi. Lakini katika hesabu ya mwaka 2022 watu wake walizidi milioni 13, na mkoa wetu, katika hesabu ya mwaka huo huo, haukufika milioni mbili na nusu. Sisi wa Meru tunaojua kihamba cha baba kinavyogawanywa kwa wana watano mpaka kila mmoja anabaki na mistari michache ya kahawa, hatuhitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Mpaka wenyewe una historia yake, nami nitaipita upesi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen, aliyeanzia safari yake Pangani, alivukia mahali hapo kuingia Rwanda. Huyu ndiye aliyekuwa gavana wakati wazee wetu wa kusini walipopigana vita vya Maji Maji. Siku zile Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilitiwa katika koloni moja la Kijerumani. Baada ya vita vya kwanza, wakubwa wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikaa mwaka 1919 wakagawana. Mwingereza akataka apewe na Gisaka, yaani sehemu ya mashariki ya Rwanda, ili apate njia ya reli yake ya kutoka Cape mpaka Cairo. Mfalme Musinga alilalamika, na wamisionari wakalalamika pamoja naye, hata mwanzoni mwa mwaka 1924 Gisaka ikarudishwa na mpaka ukawa mto. Reli yenyewe haikujengwa hata leo. Ndivyo mipaka yetu ilivyofanywa, na bado kuna watu wanaoapa kwayo kana kwamba iliteremshwa na Mungu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonipeleka.

Mwaka 1992 mpaka 1993 wajumbe wa serikali ya Rwanda na wajumbe wa RPF, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi waliotoka tangu mwaka 1959, walizungumza hapa Arusha zaidi ya mwaka mzima. Mzee Mwinyi alikuwa mwezeshaji, na Balozi Ami Mpungwe akimwakilisha. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee mliomo humu mliyaona magari yale yakipita. Kilichoandikwa kilikuwa kizuri: wakimbizi warudi kwao, majeshi mawili yawe moja, na serikali ya pamoja iundwe katika siku 37. Tarehe 4 Agosti 1993 Rais Habyarimana na Mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walitia sahihi. Watu wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka.

Siku 37 zikapita, na miezi ikapita. Serikali ile ya pamoja haikuundwa. Tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa akirudi kwao kutoka Dar es Salaam, alikokuwa ameitwa katika mkutano kuhusu mambo hayo hayo, na ndege yake ikatunguliwa juu ya Kigali. Ndani yake alikuwamo pia Rais Ntaryamira wa Burundi. Usiku ule ule mauaji yakaanza. Katika siku kama mia moja Watutsi waliouawa, pamoja na Wahutu waliokataa kuua, walizidi laki nane.

Ndugu zangu, hesabuni wenyewe. Kutoka makofi ya Arusha mpaka ndege kuanguka ni miezi minane tu. Mahindi mkiyapanda masika mnayavuna, mkayapanda tena, na miezi minane inakuwa haijakwisha kwa mbali.

Mzee wangu wa Rusumo alinionyesha kwa fimbo. “Waliokuja mwanzo,” alisema, “hawakuja kwa miguu, walikuja na mto.” Maiti zilipita chini ya daraja siku baada ya siku zikaenda hadi Ziwa Viktoria, na ndugu zetu wa Uganda, huko Kasensero, wakawazika watu wasiowajua majina. Halafu tarehe 28 na 29 Aprili wakaja kwa miguu, kama watu laki mbili na nusu katika siku moja na usiku wake. Jiji letu lilihesabiwa watu zaidi ya laki sita mwaka 2022. Basi fikirini watu wawili katika kila watano wa jiji hili wabebe magodoro, watoto na masufuria yao, wapite daraja moja jembamba kati ya jua kuchwa na jua kuchwa. Wengi walikuwa wakikimbia vita vilivyokuwa vikikaribia. Lakini wauaji nao walikuwamo katika msafara ule, na penye daraja askari wetu waliwanyang'anya mapanga mpaka yakawa rundo. Mzee alisema rundo lile alilitazama mara moja tu, hakulitazama tena. Kisha akaniambia habari za kuni, jinsi miti ya Benako ilivyokwisha katika majuma machache, na jinsi watu wa Ngara walivyogawana visima vyao na wageni. Mwezi Desemba mwaka 1996 wageni hao walirudishwa kwa daraja lile lile, karibu nusu milioni, na askari wamesimama kando ya njia. Wapo waliorudi kwa furaha na wapo waliorudi kwa kusukumwa. Mzee alisema yote mawili, nami nayarudia yote mawili.

Nilikaa juu ya mwamba nikamuuliza swali langu. Nilimuuliza kama mwaka ule wa 1993 watu wa upande wa pili, jamaa zake aliokuwa akivuka kwenda kuwaona kwenye harusi na matanga, walikuwa wakiuzungumza mkataba wa Arusha. Akacheka kidogo. “Neno Arusha walilisikia,” akasema. “Walilisikia redioni.”

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Mwezi mmoja kabla ya sahihi, Julai 1993, ilianza kusikika Kigali redio iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri, ilikuwa na vichekesho, ilisema Kinyarwanda cha watu, na kazi yake ilikuwa kuufundisha umma kwamba Arusha wameuzwa na kwamba jirani Mtutsi ni adui. Rais mwenyewe alikwisha kusema hadharani huko Ruhengeri, Novemba 1992, kwamba makubaliano ya Arusha ni karatasi tu. Sasa mkulima wa kilima kile, aliyekuwa na redio moja na jembe moja, nani alikwenda kukaa naye chini ya mgomba akamweleza kifungu kwa kifungu, kwamba hiki kinahusu shamba lako, hiki kinahusu jirani yako anayerudi, na hiki kinahusu mwanao aliye jeshini?

Mtasema labda Rwanda hakukuwa na njia ya kuwafikia watu. Ndugu zangu, Rwanda ilikuwa na ngazi nzuri kuliko nyingi za Afrika. Chama cha MRND, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilimfanya kila raia kuwa mwanachama, na vyama vingine havikuruhusiwa mpaka mwaka 1991. Palikuwa na mkoa, chini yake komuni, chini yake sekta, chini yake seli, na chini kabisa palikuwa na nyumba kumi. Neno lenyewe walilitamka hivyo hivyo, nyumbakumi, neno letu la Kiswahili. Sisi tuliomo humu, makatibu wa matawi na mabalozi wa mashina, tunaijua ngazi hiyo kwa sababu ndiyo kazi yetu. Neno likitoka juu asubuhi, jioni limefika kwa bibi aliye mwisho wa kijiji.

Na lilifika. Kilichosikitisha ni neno gani lililopelekwa. Hapa sisemi kwa kukisia, nasema yaliyothibitishwa mahakamani, katika mji huu huu. Mkuu wa komuni ya Rusumo wakati ule alikuwa Sylvestre Gacumbitsi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikuta kwamba siku chache baada ya ndege kuanguka aliwaita wakuu wa sekta akawaagiza wafanye mikutano ya chini, Watutsi wasijue. Kwamba silaha ziligawanywa. Kwamba aliongoza mashambulizi kwenye kanisa la Nyarubuye tarehe 15 Aprili, walikokimbilia maelfu ya watu. Na kwamba alipita na kipaza sauti akiwachochea watu wafanye mambo nisiyoweza kuyasema mbele ya akina mama. Kisha akavuka daraja pamoja na wakimbizi, akakaa upande wetu. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001, akaletwa Arusha. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30, na rufani ya mwaka 2006 ikaifanya kuwa kifungo cha maisha.

Basi tazameni. Karatasi ya amani ilitoka Arusha ikakwama. Yule aliyeitumia ngazi ile kushushia mauaji akaja kuhukumiwa Arusha. Sisi tulikuwa katikati tukiuza samosa na kukodisha vyumba. Sisemi kwa kuwatukana wauza samosa. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao na alisomesha watoto kwa fedha ile.

Najua jambo ambalo wengine mtaniambia, maana nililisikia hata kwenye basi. Mtasema: waliopanga mauaji walikuwa na jeshi, walikuwa na fedha, mkataba hata ungesomwa kila kilima wangeua tu. Pengine ni kweli. Tena dunia iliwaacha. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wake kama 2,500 pale, na mauaji yalipokuwa yamepamba moto, tarehe 21 Aprili, ukakata shauri wabaki 270. Sidai kwamba darasa la chini ya mgomba huzuia panga. Lakini panga la Rusumo halikushikwa na majenerali peke yao. Lilishikwa na watu wa nyumba kumi, waliokwisha kufundishwa kwa muda mrefu na mwalimu mmoja tu. Mwalimu wa pili hakutokea.

Mji huu uliwahi kuwa na karatasi nyingine, nanyi wazee mnaijua kuliko mimi. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 vijana walilibeba kwa miguu. Walitembea kutoka mikoani, wengine mamia ya maili, na kijana wa huku kwetu, Seth Benjamin, alifia njiani akielekea Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza. Unaweza kulipenda Azimio au kulikosoa. Mimi mwenyewe yako niyapendayo na yako ambayo wakati wake ulipita, na wakubwa walikwisha kulipunguza makali huko Zanzibar mwaka 1991. Lakini mwaka ule wa 1967 hapakuwa na shamba la kahawa Meru ambapo mtu angeweza kusema hajasikia linasema nini. Bibi yangu, asiyejua kusoma, aliweza kubishana nalo, na alibishana nalo kweli kweli kwa habari ya shamba.

Sasa nije kwenye leo, nisije nikaonekana nimewaletea habari za makaburi tu. Daraja jembamba la zamani limepata mrithi. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walilifungua daraja jipya, pamoja na kituo ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Tarehe ile ilikuwa sawasawa miaka 22 tangu ndege ile itunguliwe. Chini ya maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, ugawanywe sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nchi hizo mbili ndogo zimo katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na makao makuu ya Jumuiya mnayajua yalipo.

Tuliposhuka mlimani nilimkuta mama mmoja kando ya barabara na mafurushi yake ya dagaa. Anavuka karibu kila juma. Nikamuuliza kama anajua kwamba Jumuiya ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: mtu mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata cheti chepesi hapo hapo mpakani, bila wakala. Aliniangalia kama ninayemwuzia dawa ya mapenzi. “Baba,” akasema, “hayo mmeyaandika wapi?” Nikamwambia, Arusha. “Ndiyo maana,” akasema, akainama kufunga furushi lake.

Nami nilimjibu nini? Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu nilikumbuka akina mama zetu wa soko la Kilombero na la Tengeru wanaopeleka mizigo Namanga. Wao wanapanga vibanda karibu kabisa na ofisi zilikoandikwa karatasi hizo, na sijui ni wangapi wameambiwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Ninalo ombi moja nililolijadili na viongozi wa matawi matatu kabla ya kusimama hapa. Nimefasiri kwa Kiswahili utaratibu ule wa wafanyabiashara wadogo, kurasa sita, na vifungu tisa vya mkataba wa mwaka 1993 vinavyohusu wakimbizi na ardhi. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, tutavisoma ofisini kwa tawi, kifungu kimoja kimoja, na anayetaka kupinga apinge. Kila balozi wa shina aje na watu wawili, na mmoja wao awe mfanyabiashara wa sokoni. Wasiojua kusoma wakae mbele. Majuma mawili baadaye tutapeleka darasa hilo hilo Akeri na Poli, na kwa kuwa huko hatuna ofisi yenye nafasi, wazee wa Poli wamekubali tukae chini ya mti. Ninahitaji mtu wa kunisaidia kunakili kwa mkono au kwa mashine nakala arobaini, na karatasi yenyewe bado hatuna.